Mdudu wa Kaharabu

Gdansk, Polandi
8 Novemba 1992

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo nyingine umpelekee Mama, najua yuko uani kwenye mkeka wake. Shangazi Mosi naye msalimie sana. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeshaanza kututafuna masikio. Je, hapo Singida mnaendeleaje? Mvua zimekaribia? Na pumu ya Mama, imempa nafasi kidogo?

Baba, leo sitazunguka. Nina shida na sina mwingine wa kumpelekea. Serikali ya huku iliyonichukua kuja kusoma siyo iliyopo sasa. Hawa wapya wametuandikia kwamba ufadhili wetu unakoma mwezi wa sita mwakani. Aliyemaliza amemaliza, asiyemaliza apande ndege. Mimi sijamaliza, na kinachonikwamisha ni kazi ya mwisho ya shahada.

Unajua nasomea wadudu wa kale, wale walionaswa na utomvu wa miti kabla binadamu hajakuwapo, utomvu ukaganda ukawa jiwe. Jiwe lenyewe ndiyo kaharabu. Kila mwanafunzi wa profesa wangu lazima apate mdudu mmoja ambaye hajawahi kuelezwa na mtu yeyote, amchore, aandike umbo lake kiungo kwa kiungo, ampe jina. Zamani mawe yalijaa kabatini. Tangu biashara ifunguliwe, wachimbaji wanawauzia watalii, hata yale tuliyokuwa tukiazimwa yameondoka. Yaliyobaki ni makombo, na wadudu wake wote wana majina tayari.

Juzi nilikuwa nachora bawa, mara nikaikumbuka tasbihi ya Mama, ile aliyoachiwa na baba yake, marehemu Babu Kombo. Ile punje ndefu ya kichwani, ya rangi ya asali. Nilipokuwa mdogo Mama akimaliza kusali alinipa niinue juani nimtazame "mbu wa Babu". Baba, yule si mbu. Ni wa jamii ya wale wa miguu mirefu wanaoingia ndani wakati wa mvua na kugongagonga ukuta, watu wanawapiga kandambili bure, kumbe hawaumi. Na bawani alikuwa na doa. Nimepekua vitabu vyote vya hapa, sijaona mwenye doa kama lile.

Naomba kwanza upime kama ni kaharabu kweli. Isugue kwenye kitambaa cha sufu, uone kama inavuta vipande vya karatasi. Itie kwenye maji yenye chumvi nyingi, iliyo kweli huelea. Kisha pasha sindano moto uiguse pembeni, mbali na mdudu. Ikinukia kama ubani, ni yenyewe. Ikinuka plastiki, basi tena.

Halafu umwombe Mama anipe. Sitaki kumdanganya, mwambie haitarudi. Mdudu akishapewa jina, jiwe lake linakaa makumbusho moja kwa moja, ili yeyote mwenye kubisha aje alitazame. Bila jiwe hakuna jina, na bila jina mimi sina shahada.

Nasubiri kwa hofu.

Binti yako,
Hanifa


Singida
14 Desemba 1992

Kwa binti yangu Hanifa,

Assalaam aleikum. Marahaba mwanangu, na mama yako kaitika marahaba yake mwenyewe. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi, sijui ni nani huyo mwenye hamu ya habari za mbu. Sisi hatujambo, isipokuwa mama yako. Vumbi la Oktoba lilimwamshia pumu na mpaka leo haijarudi ilikotoka. Mvua zimechungulia zikaondoka. Duka lipo. Siku hizi kila kitu ruksa, rafu zimejaa sabuni za kila rangi, na wateja wanaingia, wananusa, wanaaga.

Nimepima kama ulivyoagiza. Karatasi ilivuta. Kwenye maji ya chumvi nikajitia ujanja, nikaenda kuyachota ziwani Singidani, nikidhani chumvi aliyoitia Mungu itatosha. Ikazama kama kokoto. Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Shangazi yako Mosi akachukua chumvi ya dukani, akakoroga mpaka maji yakakataa kuipokea, na hapo ikaelea. Tukazipima na zile punje ndogo, tukapata aibu. Zote plastiki! Bila shaka Babu yako alikuwa akizibadilisha kila uzi ulipokatika, na hakumwambia mtu. Ya kweli ni hiyo moja ya kichwani.

Sindano nayo nimeigusisha. Kikatoka kimoshi chembamba, chenye harufu ambayo sijawahi kuinusa. Mama yako alikuwa amekaa karibu. Akavuta pumzi, akasema, "Baba Hanifa, hebu rudia. Hiyo harufu imenifungua kifua." Nikarudia mara moja, kisha nikaogopa kuharibu.

Lakini kukupa amekataa. Anasema, "Mwambie Hanifa, kila nikiishika hiyo namshika baba yangu. Ingekuwa inakwenda na kurudi, sawa. Kwenda jumla, hapana." Nimembembeleza sana. Wewe unamjua mama yako, akishakunja mkeka amekunja.

Nakuombea.

Baba yako,
Abdulazizi


Gdansk
11 Januari 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mmeuona mwaka mpya kwa amani na Mama anapumua vizuri zaidi. Mimi mwili mzima, moyo sivyo.

Baba, nakuomba usirudie sindano hata mara moja. Joto linaipasua kaharabu kutoka ndani, na ikipasuka mdudu anapotea. Iweke mahali pa baridi, mbali na jiko.

Simlaumu Mama. Lakini nikirudi bila shahada narudi kufanya nini? Mwenzangu wa Dar es Salaam ameniandikia kwamba maofisini wanapunguza watu, wenye vyeti vyao wanakaa barazani. Mimi nitakaa wapi, na nitasema nini? Huwa naingia maktaba, nafungua kitabu, najikuta nalia kama mtoto, na msimamizi ananiletea maji akidhani naumwa.

Naomba jambo moja la mwisho. Azima lenzi kwa Leonidas, fundi saa, umpe Mama, maana macho yake yanashinda yako na yangu. Amtazame mdudu juani kwa utulivu. Aniambie papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zikoje. Doa liko wapi bawani. Nyuma ya mbawa kuna nini. Mkia unaishaje. Akishamtazama na bado akakataa, nitanyamaza, sitaligusa tena jambo hili.

Binti yako,
Hanifa


Singida
9 Februari 1993

Kwa binti yangu Hanifa,

Assalaam aleikum. Shangazi yako anakusalimu, Leonidas anakusalimu, na anasema lenzi yake haijawahi kufanya kazi ya heshima kama hii. Hali ya hapa si nzuri sana. Hospitalini daktari anaandika dawa, dirishani wanakwambia hakuna, nenda ukanunue, na kwenye duka la dawa wanakwambia subiri gari la Dodoma. Mama yako sasa analala ameketi.

Lakini nikueleze ya lenzi. Nilidhani atatazama dakika moja na kuniachia. Alikaa nayo mlangoni mpaka jua likamhama, akaniambia nisogeze kiti. Haya ni maneno yake, mimi ni karani tu:

"Miguu ipo sita, ila mmoja umekatwa na tundu la uzi. Mwambie aliyetoboa hakuwa na huruma. Papasi zina matawi kama kitana, upande huu na upande huu. Huyu ni dume, anajipamba. Bawa ni la vioo, doa liko karibu na ukingo wa mbele, si duara, limepinda kama mwezi mchanga. Nyuma ya mbawa ana vijiti viwili vyenye vichwa, kama vya kiberiti. Mkia umevimba mwishoni na una makoleo mawili. Na mguu wa mbele ameunyanyua. Alikuwa anataka kutoka."

Hapo akashusha lenzi. Nikamuuliza, "Je, mama Hanifa?" Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nahesabu uradi na kiumbe cha watu kimo humo kinanyoosha mguu, na sijamuuliza hata jina. Mpelekee Hanifa. Amwandike."

Ameikata mwenyewe kwenye uzi. Nimeifunga kwenye kipande cha kanga na jina lako juu, iko kabatini mwangu. Posta siiamini. Tafuta mtu wa kuja.

Baba yako,
Abdulazizi


Gdansk
6 Machi 1993

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Saumu njema, Mungu awape nguvu, na Mama asijilazimishe kufunga, mgonjwa ameruhusiwa.

Nimemtafsiria profesa maneno ya Mama. Aliposikia habari ya kitana na doa la mwezi alisimama, akaniambia nisome tena. Anasema hakuna mdudu wa namna hiyo kwenye maandiko yote anayoyajua. Baba, nimepona!

Mwenzangu Anselm, mtoto wa Kilimatinde, yuko nyumbani kwao. Atapita dukani baada ya Idi, katikati ya Aprili, kabla hajapanda ndege kurudi huku. Mpe mkononi. Jina nimekwisha kulichagua na profesa amelikubali. Mdudu ataitwa kwa jina la Mama, Rahma, na litakaa vitabuni hata sisi sote tukiwa hatupo.

Binti yenu mwenye furaha,
Hanifa


Gdansk
3 Mei 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Anselm amefika. Ameniletea asali ya Itigi, amenipa salamu zako, na zaidi ya hapo mikono mitupu. Anasema ulimkaribisha chai, ukamuuliza habari za ndege, na kila alipotaja mzigo ukaanza hadithi nyingine. Anasema alipoondoka ulimsindikiza mpaka stendi na hukumtazama usoni.

Kama Mama amebadili mawazo ningeambiwa. Kama imepotea ningeambiwa. Baba, imebaki miezi isiyofika miwili, na profesa ananiuliza kila asubuhi mlangoni. Nimeishiwa uongo wa kumpa. Kaharabu iko wapi? Na Mama yukoje, mbona Anselm hakumwona?

Nijibu kwa njia yoyote ya haraka.

Hanifa


Singida
27 Mei 1993

Kwa binti yangu Hanifa,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Mama yako yu hai, yuko kitandani. Kaharabu haipo. Nimeichoma.

Nisikilize kwanza, kisha unihukumu utakavyo. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, mchana, pumu ilimbana kuliko siku zote. Midomo ilibadilika rangi. Nilikimbia hospitalini, nikapewa karatasi. Nikakimbia duka la dawa, limefungwa, mwenyewe kaenda msikitini. Nikarudi mbio. Shangazi yako Mosi alikuwa ameweka chetezo na ubani anamfukiza, na ubani ule ukazidi kumkaba. Mama yako akawa ananyoosha mkono hewani anatafuta kitu cha kushika. Mosi akasema, "Kaka, ile harufu ya siku ile. Alisema ilimfungua." Mimi nilikuwa nimekwisha kuiwaza kabla yake. Nisimsingizie dada yangu.

Nilifungua kabati, nikafungua kile kipande cha kanga, nikaona jina lako. Nikaiweka kwenye makaa. Haikushika mara moja. Ilitoa jasho, ikalia, na kwa mwanga wa moto nikamwona yule mdudu wazi kabisa, papasi, doa, mguu wa mbele. Koleo lilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kuitoa. Sikuitoa.

Moshi ulipotoka mama yako alivuta, akatulia kidogo, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Kisha akafumbua macho, akanusa, akasema, "Umechoma cha Hanifa." Kabla ya alasiri ikambana upya, vibaya zaidi. Dawa ilipatikana siku ya pili, na ndiyo iliyomvusha.

Tangu siku ile hajanisemesha. Chai anapokea kwa Mosi. Anselm alipokuja nilitaka kumwambia, nikaishia kumpa hadithi nyingine. Mwanangu, nilikuwa naona mke wangu anakufa mbele yangu, na dukani nina sabuni za kila rangi na sina cha kumpa.

Baba yako,
Abdulazizi


Gdansk
19 Julai 1993

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu bila kujibu, na usidhani ni kazi zilinizuia. Nilikuchukia, Baba. Nilikuchukia kwa sauti, chumbani, mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikakumbuka ni nani aliyekwambia upashe sindano. Bila barua yangu hakuna mtu pale nyumbani angejua kaharabu inanukiaje. Sasa sijui nimchukie nani, na nimechoka.

Niliitwa mbele ya jopo mwishoni mwa Juni. Nilipeleka maelezo ya Mama yote, na mchoro niliouchora kwa kuyafuata. Waliyasoma kwa makini sana. Kisha wakasema nilichokijua. Hakuna jiwe, hakuna jina. Shahada sikupata. Nimepewa karatasi ya kuonyesha kwamba nilisoma hapa. Profesa amenihurumia, atayachapa maelezo yale kwenye jarida la makumbusho, ukurasa mmoja, kama habari ya mdudu asiye na jina. Anasubiri nakala yangu ya mwisho kabla Septemba haijaisha, na mpaka hapo nimeruhusiwa kukaa.

Waliniuliza jiwe lilipoteaje. Baba, niliona haya. Niliwatazama wazee wale na miwani yao, nikajiona nikisema "baba yangu alilifukiza", nikaona watakavyotazamana. Nikasema nyumba yetu iliungua. Wote walisikitika. Mmoja aliinuka akanishika mkono akanipa pole. Na ndivyo ilivyoandikwa kwenye ukurasa ule, kwamba jiwe liliteketea katika moto wa nyumba huko Singida. Nakwambia ili siku ukisikia usishangae. Nimefanya hivyo kwa ajili yako pia.

Mama mwambie namsalimu. Mwambie akuseme, akutukane, lakini asikunyamazie. Mimi mwenyewe nimejaribu kukunyamazia, nimeshindwa.

Hanifa


Singida
23 Agosti 1993

Kwa binti yangu Hanifa,

Assalaam aleikum. Salamu za mama yako safari hii hakuna. Telegramu niliyoituma ya msiba najua imeitangulia barua hii. Amefariki Jumatano, asubuhi, mikononi mwa Mosi, na tumemzika siku hiyohiyo. Watu walikuja wengi. Leonidas alifunga kibanda chake, akachimba na vijana.

Barua yako ilifika kabla, nikamsomea yote, hata pale uliponichukia. Nilipofika kwenye maneno ya kwamba anitukane, aligeuza shingo akanitazama. Akasema, "Mwambie nimesikia." Hayo ndiyo maneno aliyonipa tangu Ramadhani, na hakunipa mengine.

Sasa nisikilize, maana ninakuandikia kama baba na sikuombi. Nyumba yangu haikuungua. Iko hapa, bati lake majirani wanaliona, na matanga tumeyakaa humohumo. Hao wazee wamekupa pole ya nyumba ambayo haikuungua, na mama yako, ambaye amekufa kweli, hakuna aliyempa pole huko. Mimi sitaki kufichwa. Ulitaka kunisitiri, nimekuelewa, lakini ukinisitiri mimi unamfuta yeye, kana kwamba kaharabu ile ilikwenda bure kwa cheche za jikoni. Haikwenda kwa cheche. Ilikwenda kwa ajili yake.

Acheke atakayecheka. Nimeuza chumvi na mafuta ya taa hapa mjini nikiwa na nywele nyeusi, na leo nyeupe, nimeshachekwa kwa mengi. Umesema mpaka Septemba wanangoja nakala yako. Basi futa ule moto wa uongo, na mahali pake uandike haya kwa lugha yao, bila kupunguza:

Jiwe lilichomwa na Abdulazizi, mwenye duka wa Singida, kwa mkono wake mwenyewe, akijaribu kumfungua kifua mkewe Rahma, ambaye ndiye aliyemtazama mdudu huyu na kumweleza. Mkewe hakupona.

Ukishaandika hivyo, panda ndege uje. Nitakuwa stendi.

Baba yako,
Abdulazizi